Wimbo Ambao Nyuzi Hana

Chiriku hakupewa jina hilo kwa sababu ya kuimba. Alilipata utotoni kwa sababu ya mdomo: alikuwa mtoto wa kuongea tangu anaamka mpaka usingizi unamkuta katikati ya maneno. Kuimba kulikuja baadaye, jina likapata kazi ya pili. Mchana alikuwa fundi cherehani kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, magauni ya watu yakining'inia kwenye kamba juu ya kichwa chake. Jioni na siku za mapumziko alikuwa mwimbaji wa bendi ya watu watatu iliyoitwa Sebuleni. Iliitwa hivyo kwa kuwa ilizaliwa sebuleni, ikakulia sebuleni, na haikuwahi kupata pa kuhamia.

Wa pili alikuwa mumewe, seremala, ambaye watu walimwita Nyuzi kwa sababu ya gitaa. Tangu ujana wake alishinda kwenye karakana kando ya msumeno wa mashine, na kila akirudi nyumbani alioga, akapangusa vumbi la mbao masikioni, akachukua gitaa lake kavu, lisilo la umeme, kabla hata ya kuuliza kuna chakula gani. Wa tatu alikuwa kaka mkubwa wa Chiriku, mwoka mikate, aliyepiga ngoma na kupuliza filimbi. Huyo aliitwa Tanuri. Wageni walidhani ni kwa ajili ya kazi yake. Waliomzoea walijua ni kwa ajili ya hasira zake.

Walijiita bendi huru. Tanuri alisema uhuru wenyewe ndio ule wa kubeba spika mgongoni mwako. Nyimbo zao waliziokota kwa watu: za kubembeleza watoto, za kupalilia, za kutwanga, za kusindikiza maiti. Waliketi na aliyeujua wimbo, wakaujifunza, kisha wakauongezea beti zao. Shoo walizipata kwenye kumbi ndogo, kwenye shule, mahali popote penye viti na watu wasio na haraka. Na kila wiki walirekodi podikasti, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi ili honi za barabarani zisiingie. Mama mkwe wa Chiriku, aliyekaa nao, aliombwa anyamaze, na kweli alinyamaza, isipokuwa kwamba katika kila kipindi alikohoa mara moja mahali pabaya. Wasikilizaji walikipenda kile kikohozi. Kuna waliokuwa wakiandika kukisalimia.

Chiriku ndiye aliyeongea kwenye podikasti, Nyuzi akidakia neno tu hapa na pale.

"Jamani, huyu mwanamume aliniposa kwa gitaa," Chiriku angesema. "Mwenzenu sikuletewa hata ua."

"Ua linanyauka," Nyuzi angejibu, na watu wangelicheka hilo wiki nzima.

Kazi ya kuchanganya sauti ilikuwa ya Nyuzi. Alivaa hedifoni zake kubwa, akaketi mbele ya kompyuta kuukuu, akapunguza ngoma, akapandisha filimbi, akalainisha pumzi za mkewe palipohitajika. Aliifanya kazi hiyo kama anavyopiga msasa meza: anapapasa, anarudia, anapapasa tena. Hakuna aliyewahi kumsahihisha.

Mambo yalianza kuharibika kwa ujumbe wa msikilizaji mmoja. Chiriku alikuwa kwenye cherehani, amepumzika kidogo, anasoma maoni ya watu kwenye simu ili achague ya kusomwa kwenye kipindi kinachofuata. Mtu huyo aliandika: "Nawapenda sana, ila mwambieni fundi wenu wa sauti kuna mluzi humo ndani toka mwanzo mpaka mwisho. Mbwa wangu amekimbilia uvunguni."

Chiriku alicheka peke yake. Akavaa hedifoni ili asikilize huo mluzi. Kicheko kikamkauka mdomoni. Mluzi ulikuwepo, mwembamba, mkali, umepita katikati ya kila neno na kila wimbo bila kupumzika, kama uzi uliosahauliwa kukatwa. Ulitoka kwenye chaja ya kompyuta. Mtu yeyote angeusikia. Na Nyuzi alikuwa ameketi na rekodi ile jioni mbili mfululizo.

Alimfuata uani, akamvisha hedifoni. "Hebu sikiliza hapa."

Nyuzi alisikiliza, kichwa kimeinama, akatabasamu. "Safi. Na kikohozi cha mama kimekaa mahali pake."

"Husikii kitu kingine?"

"Kitu gani?"

Chiriku alifungua mdomo. Nyuzi alikuwa akimtazama kwa uso ule wa fundi aliyemaliza kabati na kuita watu waje waone. Maneno yakageuza njia, yakarudi yalikotoka.

"Aa, nilidhani nimekosea ubeti," alisema.

"Wewe ukosee ubeti!" Nyuzi akacheka, akamrudishia hedifoni.

Chiriku aliingia ndani akaufuta ule ujumbe. Tangu siku hiyo, kabla ya kurekodi, alipita kimyakimya akaichomoa chaja ukutani. Lakini jumbe nyingine zikaja. Mmoja alisema sauti ya dada siku hizi inachoma masikio. Mwingine aliuliza kama wamenunua spika za bati. Chiriku akasikiliza na kuelewa: Nyuzi alikuwa akizidi kuipandisha sauti ya mkewe kwa sababu alikuwa akiitafuta. Akazifuta hizo nazo, upesiupesi, kama mtu anayepangusa meza huku mgeni anabisha hodi.

Si kwamba alikuwa mwanamke wa kuficha mambo. Alikuwa hawezi kuficha hata bei ya kitambaa. Lakini jambo hili alihisi kwamba likitamkwa tu litakuwa kweli, na lisipotamkwa huenda likawa nta ya masikio, au mafua, au uchovu, kitu cha kupita. Kwa hiyo alianza kuzoea vitu. Alizoea kumwita mumewe kwa kumgusa bega. Alizoea kusimama mbele yake wakati wa mazoezi badala ya kando yake. Na alizoea kutazamwa. Kwenye shoo Nyuzi hakumwondolea macho hata kidogo, na baada ya shoo wanawake walimjia Chiriku wakimwambia, "Mwenzetu una bahati. Miaka yote hiyo na bado anakuangalia hivyo!" Aliwashukuru. Hakuwaambia kwamba zamani Nyuzi alipiga gitaa akiwa amefumba macho.

Tanuri aliona kuna jambo kabla hajalielewa. Filimbi ndiyo iliyokuwa ikianzisha baadhi ya nyimbo, na mara tatu, mara nne, gitaa likaingia kabla filimbi haijamaliza.

"Shemeji, nipishe nishuke kwanza ndipo upande," alisema, akijaribu kufanya mzaha.

"Samahani, shemeji," Nyuzi alijibu, na safari iliyofuata akaingia kwa kuchelewa.

Siku moja Chiriku alipokwenda kwenye duka la mikate, kaka yake alimvuta nyuma ya rafu, mikono bado imejaa unga. "Mumeo ana nini?"

"Amechoka tu. Kazi ya mbao unaijua."

"Mimi nakanda unga tangu alfajiri na filimbi naisikia."

"Kaka, nimekuja kununua mkate."

Tanuri alimpa mkate, akashika kitambaa akajifuta mikono taratibu. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema. Chiriku akajifanya hakusikia.

Kisha wakapata shoo kubwa kuliko zote. Maktaba ya mji ilikuwa imefungua ukumbi mpya, ikawaalika waimbe kwenye ufunguzi, na wao wakaamua wairekodi shoo nzima iwe kipindi maalumu cha podikasti. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Mama mkwe aliwekwa mstari wa mbele, na wasikilizaji waliomtambua wakaja kumwomba akohoe kidogo wamsikie. Alikataa kwa heshima, akawaambia hakohoi kwa kuagizwa.

Nyimbo mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Wa tatu ulikuwa "Nishikie Mlango," wimbo wao unaopendwa zaidi. Waliupata kwa mwanamke mmoja mzee ukiwa na ubeti mmoja tu, Nyuzi akautungia mwingine:

*Nishikie mlango, upepo usiufunge,*
*nimekwenda kuomba moto kwa jirani;*
*nikichelewa, usilale, nisemeshe,*
*nifuate sauti yako gizani.*

Kijana wa taa, kwa nia njema kabisa, alitaka kuupamba wimbo huo. Akazima taa za mbele, akawasha moja nyuma ya Chiriku. Watu wakaguna kwa raha, maana aligeuka kivuli cheusi kilichozungukwa na mwanga, ukawa mfano wa picha. Chiriku mwenyewe hakuelewa kilichotokea mpaka alipogeuka upande wa mumewe na kuliona jasho lililomtoka ghafla. Nyuzi alikuwa amekaza macho, anatafuta mdomo wake, na mdomo haukuonekana.

Chiriku alikuwa bado katikati ya ubeti gitaa lilipoingia kwenye kiitikio. Akajaribu kuruka amfuate. Wakati huohuo Nyuzi alihisi amekosea, akarudi nyuma. Wakapishana. Ngoma ya Tanuri ikamkimbilia huyu, ikamkimbilia yule, ikasimama. Ngoma Nyuzi alikuwa bado anaisikia. Iliponyamaza, naye alijua. Akaweka kiganja juu ya nyuzi zote sita akazizima.

Chiriku, kwa kuwa hakujua la kufanya, aliendelea kuimba peke yake. Aliimba ubeti wote wa mumewe bila gitaa wala ngoma, sauti ikimtetemeka, machozi yakimwingia mdomoni. *Nisemeshe, nifuate sauti yako gizani.* Alipomaliza, watu walisimama wakapiga makofi, wengine wakilia. Walidhani imepangwa hivyo.

Chumba walichopewa nyuma ya jukwaa kilikuwa stoo ya vitabu, viko kwenye maboksi mpaka darini. Tanuri aliufunga mlango kwa kisigino.

"Umelewa?" alimwuliza Nyuzi. "Niambie umelewa, nitakuelewa. Miezi yote hii nakimbizana na wewe kama kuku! Leo mbele ya mji mzima! Unasikia ninachokuambia?"

"Naona unafoka, shemeji," Nyuzi alisema polepole. "Nasikia kuna mtu anaunguruma. Maneno siyapati yote."

Nyuzi akaketi juu ya boksi, akamgeukia mkewe.

"Sauti yako ilianza kunitoka mwaka jana," alisema. "Kwanza zile za juu kabisa. Ukipanda, nabaki kukuona unapanda, sikupati. Filimbi ikafuata. Nikasema ni vumbi la karakana, litatoka. Nikawa nakufuata kwa macho, unavyovuta pumzi, unavyofungua mdomo. Sikutaka ujue. Naomba unisamehe."

Chiriku alikuwa analia waziwazi. Angeweza kunyamaza hapo, akaupokea msamaha asiostahili kuombwa, mambo yakaisha. Lakini alikuwa amefika mwisho wa kunyamaza kwake.

"Nilijua," alisema, akijitahidi kutamka kila neno wazi. "Tangu ule mluzi."

"Mluzi gani?"

Ikabidi aeleze. Akaeleza mluzi wa chaja, akaeleza jumbe alizozifuta, akaeleza kwa nini alikuwa akisimama mbele yake mazoezini. Aliiona midomo ya mumewe ikizidi kukazana kadiri anavyoendelea, na kila sentensi aliona afadhali asingeianza.

"Kwa hiyo watu wote walikuwa wanasikia," Nyuzi alisema mwishoni, "na mimi nimekaa pale na hedifoni zangu kama bwana harusi."

"Nilikuwa nakulinda."

"Na nini? Umenipandisha jukwaani leo, mbele ya watu wote hawa, huku unajua." Hakupaza sauti, ingekuwa nafuu angepaza. "Wewe ni mtu wa kusema kila kitu. Nyumba nzima hatupumui kwa maneno yako. Hilo moja tu ndilo lililokushinda?"

Mama mkwe ndiye aliyekuja kuwagongea, maana watu walitaka kupiga nao picha. Alipoziona nyuso zao alishika fremu ya mlango. "Ni masikio?" aliuliza. Kisha akatikisa kichwa. "Baba yake alianza hivihivi," alisema. "Nilidhani yamekwenda naye kaburini."

Hospitali walikwenda wote wawili, ingawa Nyuzi alisema anajua njia. Daktari wa masikio alimwingiza kwenye kibanda chenye dirisha la kioo, akamvisha hedifoni, akampa kitufe mkononi. Akisikia mlio wowote, hata mdogo, abonyeze. Chiriku aliketi nje ya kioo pamoja na daktari. Milio ya chini Nyuzi aliibonyeza yote bila kuchelewa. Kisha daktari akapanda kwenye milio ya juu. Chiriku aliona kidole cha daktari kikigusa mashine, taa ndogo ikiwaka kuonyesha mlio umetoka. Kidole gumba cha mumewe hakikusogea. Daktari akaongeza nguvu. Taa ikawaka. Akaongeza tena. Nyuzi alikuwa amekaa wima, makini, anatabasamu kidogo kama mwanafunzi anayejua jibu na anangoja swali. Alikuwa anasubiri waanze.

Chiriku alitoka nje akaenda kusimama ukutani penye ndoo za kupigia deki.

Daktari aliwaambia bila kuzungusha. Mishipa ya ndani ya sikio imekufa, kelele za mashine zimemalizia kile alichozaliwa nacho. Iliyokufa haifufuki, na iliyobaki itaendelea kupungua. Vifaa vya masikio vitamsaidia katika mazungumzo. Muziki ni jambo jingine.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Nyuzi alisema. "Kumbe wahenga walikuwa wananisema mimi."

Daktari alicheka, kisha akaona halikuwa jambo la kuchekwa.

Vifaa alivivaa. Mazungumzo akayapata, ikiwa mtu anaongea mmoja na anamtazama. Siku ya kwanza alimwomba Chiriku aimbe. Chiriku akaimba ubeti mmoja. Nyuzi alisikiliza mpaka mwisho, akavivua vile vifaa, akaviweka mezani. "Ni kama mtu anaburuta sufuria," alisema. "Usiniimbie tena nikiwa na hivi. Naomba. Vitaniharibia ile niliyonayo kichwani."

Wakakubaliana kuwaambia wasikilizaji, kwa sababu uongo ulikuwa umewachosha. Kwenye kipindi hicho Nyuzi ndiye aliyeongea, Chiriku akakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu podikasti ianze. Alieleza yote kwa sauti ileile ya kudakia neno moja moja: msumeno, filimbi, taa ya maktaba. Alisema kwamba pale watu waliposimama kupiga makofi, yeye alidhani wanasimama kuondoka. Kwa kuchanganya sauti waliita mtu mwingine. Kipindi kikasambaa kuliko chochote walichowahi kufanya. Watu ambao hawajawahi kuwasikia waliwatumia salamu, dua, majina ya waganga. Wengi walimwandikia kwamba kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi.

"Hao hawajawahi kuwa koleo," Nyuzi alisema, akaizima simu.

Wengine walimshauri aweke kiganja kwenye tumbo la gitaa, apige kwa kuhisi. Tanuri, ambaye tangu siku ya stoo alikuwa mpole mpaka wateja wake wa mikate wakaanza kumwuliza kama anaumwa, alimletea ushauri huo kwa furaha. Nyuzi alimsikiliza akiwa amemwangalia mdomo.

"Shemeji, ukimwekea mkono mtu aliyelala, utajua anapumua. Lakini hajakuambia neno."

Tanuri akaondoka bila kuaga, na Chiriku alimwona barabarani amesimama tu, mikono kiunoni, kichwa chini.

Nyuzi mwenyewe ndiye aliyesema bendi isife. Akapatikana mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanamke kijana, mtulivu, mwenye vidole vya haraka. Nyuzi alimfundisha nyimbo zote. Walikaa wawili sebuleni, yeye akimwonyesha mahali pa vidole, na mwalimu alipokosea Nyuzi aliona kwa macho, akamsogezea kidole. Alimfundisha kwa uvumilivu mkubwa, hata alipomaliza wimbo wa mwisho mwalimu aliinama akalia, akasema, "Kaka, mimi najihisi mwizi." Nyuzi akampigapiga begani. "Mwizi haingii kwa kukaribishwa," alimwambia.

Hakwenda tena kwenye shoo. Alikwenda mara moja, akaketi nyuma, akarudi kabla ya katikati. Kwa Chiriku hakuwa mkali; lile neno la stoo hakulirudia. Walikula pamoja, walicheka vituko vya mama, walilala kitanda kimoja. Ila Chiriku aliacha kuimba ndani ya nyumba. Alikuwa mtu wa kuimba akiosha vyombo, akitandika, akitafuta kijiko. Sasa alijikuta anaimba kidogo, anamwona Nyuzi akipita, anafunga mdomo. Na Nyuzi aliona mdomo unafungwa. Hata kuongea kwake kukapungua, kwa kuwa kila sentensi ilipaswa kusemwa uso kwa uso, taratibu, mara mbili, na maneno yake mengi yalikuwa ya aina ile isiyostahimili kurudiwa. Mama mkwe alisema nyumba imekuwa kama zahanati.

Mwalimu alipozoea, walitunga wimbo mpya. Ulikuwa wa kwanza wa Sebuleni ambao Nyuzi hakuwemo. Ulitokana na gitaa la mwalimu, ambalo lilikwenda njia nyingine kabisa, na Chiriku alipoupata alitambua kwamba ni mzuri, tena mzuri kuliko zote alizowahi kuimba. Aliuonea aibu kama mtu aliyeokota kitu msibani. Waliufanyia mazoezi nyumbani kwa Tanuri.

Siku waliyosafiri kwenda kuuimba kwa mara ya kwanza, kwenye mji mwingine, Chiriku alikuwa chumbani anakunja nguo, na Nyuzi akaja akaketi ukingoni mwa kitanda, amevaa vifaa vyake.

"Shemeji ananiambia kuna wimbo mpya."

Chiriku akaliweka gauni chini. "Upo."

"Unaanzaje?"

Akamtajia maneno, bila kuuimba, kama anasoma. Nyuzi aliyafuata mdomoni mwake neno kwa neno mpaka mwisho.

"Maneno mazuri," alisema. "Na sauti yake?"

Chiriku alifikiri. Alitaka kusema unafanana na fulani, unapanda kama fulani, uko kati ya huu na ule. Hakuna hata mmoja uliofanana nao. Angeweza kumdanganya. Angemtajia wimbo wowote wa zamani, naye angeuweka kichwani akaridhika, na hakuna mtu duniani ambaye angemwumbua.

"Haufanani na wetu wowote," alimwambia. "Sijui nikuelezeje. Ni mzuri, baba. Ni mzuri sana."

Nyuzi alitikisa kichwa mara kadhaa, akiitazama mikono yake. "Za zamani ninazo zote," alisema. "Nikiwa karakana huwa nachagua mmoja, unaniimbia mpaka naumaliza ubao. Huu sina."

"Nisiuimbe?"

"Uuimbe! Wewe mwanamke, nani kasema usiuimbe?" Akaliokota lile gauni, akamrudishia. "Nilikuwa nataka tu kujua unapanda wapi."

Chiriku alimshika kichwa akakilaza kifuani kwake, wakakaa hivyo, yeye akilia juu ya nywele zake zenye vumbi la mbao, Nyuzi akiwa ametulia. Nje gari lilikuwa limefika. Nyuzi ndiye aliyejitoa mikononi mwake.

"Nenda. Shemeji anapiga honi."

"Umeisikia?"

"Naona ulivyokunja uso."

Alimbebea begi mpaka garini, akasalimiana na mwalimu, akafunga mlango wa nyuma, akaujaribu kwa mkono kama umefunga sawasawa. Ukumbini Chiriku aliuimba ule wimbo wa mwisho kabisa, na aliuimba vizuri. Baadaye, ulipotoka kwenye podikasti, ndio uliowaletea wasikilizaji wengi kuliko nyimbo zao zote, watu wakauimba barabarani na madukani, mpaka kwenye karakana ya mbao wenzake Nyuzi wakawa wanaupiga mluzi kazini, mgongoni kwake, bila kujua ni wa nani. Chiriku aliuimba kila mahali walikoalikwa. Nyumbani kwake hajauimba mpaka leo.